Ncha mpya, bomba la jana: homa ya ini Pakistan na India

SALIM: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Niko na dada Rehema, muuguzi wa miaka mingi. Leo tunavuka bahari hadi Pakistan na India.

REHEMA: Asante, kaka Salim. Kwanza tuelewane: homa ya ini si homa ya manjano. Ile huletwa na mbu. Hii ni ya virusi vya ini, na viko A, B, C, D na E.

SALIM: Macho yakigeuka njano, watu wanaziita zote jina moja.

REHEMA: Ndiyo, na hapo wanapotea. Sasa sikia. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2022, Pakistan ina watu milioni 8.8 wanaoishi na virusi C. Hakuna nchi inayoipita. India wa C ni milioni 5.5, na wa B wanakaribia milioni 30.

SALIM: Subhanallah! Lakini India ina watu wengi zaidi. Pakistan imeipitaje kwa C?

REHEMA: Sindano, kaka. Mtu ana mafua tu, anakwenda kwa daktari wa mtaani, anataka achomwe. Akipewa vidonge anaona hajatibiwa. Na daktari anajua asipomchoma, atahamia kwa jirani. Siwasemi vibaya, maana hata wodini kwangu wapo wanaonuna ukiwapa vidonge vitupu.

SALIM: Si wanabadilisha sindano?

REHEMA: Wengine wanabadilisha ile ncha ya chuma, bomba la plastiki linabaki lile lile. Ukimchoma mtu, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya bomba, kidogo mno, jicho haliioni. Anayefuata anaona ncha inang'aa, anatoa mkono bila wasiwasi. Anaondoka na dawa, na damu ya mwenzake.

SALIM: Mwili umenisisimka.

REHEMA: Mwaka 2009, mji wa Modasa, jimbo la Gujarat kule India, homa ya ini B iliua makumi ya watu, na mabomba yaliyorudiwa ndiyo yaliyoonekana kuwa chanzo. Mwaka 2019, Ratodero, mkoa wa Sindh, Pakistan, mamia ya watoto walikutwa na VVU. Njia ni hiyo hiyo. Watoto wadogo, kaka, waliopelekwa na mama zao kutibiwa homa! Hili linaniuma kuliko yote. Mwaka 2021 Pakistan ikapiga marufuku mabomba ya kawaida, ikataka yale yanayojifunga yakishatumika mara moja.

SALIM: Na hii E?

REHEMA: E ni ya maji machafu. Delhi, mwishoni mwa 1955, maji ya vyoo yaliingia panapochotwa maji ya mji kwenye mto Yamuna. Watu kama 29,000 waligeuka manjano. Wengi hupona wenyewe, lakini mjamzito wa miezi ya mwisho yuko hatarini sana. Katika milipuko mingine hufa hata mmoja kati ya watano.

SALIM: Tuseme mtu tayari ana C. Ndiyo basi?

REHEMA: Hapana! C inapona kabisa. Vidonge vya wiki 12, na katika kila wagonjwa 100, zaidi ya 95 wanapona. Dawa ya kwanza ya aina hii ilipotoka Marekani, dozi nzima iliuzwa dola 84,000. Viwanda vya India na Pakistan vikaanza kutengeneza ya kwao, leo dozi inapatikana hata kwa dola 60.

SALIM: Kumbe dawa iko mlangoni kwao.

REHEMA: Iko, ila wengi hawajapimwa. Virusi C vinakaa mwilini miaka 20 bila kelele, huku ini linajaa makovu. Tumbo likianza kujaa maji, umechelewa.

SALIM: Msikilizaji anauliza kuhusu wembe wa kinyozi.

REHEMA: Swali zuri. Wembe nao unabeba B na C. Mwambie adai mpya, na karatasi ichanwe mbele yake.