Kila Askari na Kichupa Chake

Vichupa vinavyopita mikononi mwenu, kila kimoja na sanamu ndogo ya askari kwenye kifuniko, vilikuwa vya vidonge vyangu vya presha. Shikeni chupa, askari aliye juu asiguswe. Nimesema asiguswe! Haya, bwana pale nyuma ameshamgusa. Basi tuanzie hapo hapo.

Wanaonijua wanajua nitasema nini: ukimpaka rangi askari, shika chupa, usimshike yeye. Wanajua, maana nimelisema hili mpaka mke wangu analisema kwa niaba yangu. Anayeanza kupaka sanamu za michezo ya vita, ile inayochezwa mezani, huuliza brashi namba ngapi, rangi ya kampuni gani. Mkono wa kulia anauhangaikia kama bibi harusi. Wa kushoto je? Ameshika miguu ya sanamu ya milimita 28 kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa kunguni kwenye shuka. Baada ya dakika kumi vidole vimekakamaa, vinatetemeka, naye anasema hana kipaji.

Kikosi changu cha kwanza kilikuwa askari 24 wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, kwa ajili ya mchezo wa vita vya Tanga vya 1914. Mimi mtu wa Tanga, nisingeanza na Waterloo, vita vya huko Ulaya. Sanamu za bati. Niliwapaka nikiwa nimewashika mkononi, nikichoka kushika miguu nashika kichwa. Wiki tano hizo. Siku ya kuwapanga mezani mwenzangu akainama, akawatazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hawa askari wako mbona wana vipara?"

Walikuwa na tarbushi, jamani! Tarbushi zenye kifuniko cha kaki, nimezipaka mara mbili, na zote zimechubuka utosini, bati linang'aa. Rangi ya akriliki juu ya bati ni ngozi nyembamba tu. Jasho na mafuta ya vidole huimaliza pale palipochomoza: utosi, goti, ncha ya pua, mdomo wa bunduki. Nilikuwa nimeshailaumu rangi, kumbe msasa ni gumba langu mwenyewe.

Sasa tazameni chupa. Tia gundi nyeupe ya seremala kwenye kifuniko, msimamishe askari, mwache alale hapo mpaka asubuhi. Kazi ikiisha unapitisha kisu chini ya kitako, anabanduka. Wa plastiki ni mwepesi, donge la Blu Tack, ule ulimbo wa kubandikia karatasi ukutani, linamtosha. Wa bati atakudondokea ukimpindua, na kumpindua ni lazima, maana chini ya pindo la koti hapaonekani ukiwa juu. Chupa inajaa kiganja, vidole vinapumzika. Viwiko viwe mezani, vifundo vya mikono vigusane, kidole cha mwisho cha mkono wenye brashi kiegemee chupa. Mikono ikitetemeka, itetemeke pamoja. Na usihangaike kuzungusha brashi kumfuata askari, zungusha chupa.

Najua kuna anayetaka kusema, "Mzee, mbona vishikio vinauzwa?" Vinauzwa, tena vina springi, vizuri sana. Ninacho kimoja. Kimoja! Ukimaliza kumpaka huyu suruali unamfungua umfunge mwenzake. Unamfungua kwa kutumia nini? Kwa vidole, na rangi mbichi. Askari kumi wanataka vishikio kumi, na mimi springi kumi sinunui wakati famasi wananipa chupa kila mwezi.

Na kumi kwa pamoja ni lazima, kwa sababu ya hesabu. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga jeshi la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu 1,000 hivi. Ukiweka sanamu moja kwa kila watu 20, upande mmoja ni sanamu 400, wa pili 50. Nani atapaka askari 400 mmoja mmoja, kuanzia kilemba mpaka viatu? Atakufa yuko kwenye kombania ya pili.

Unampaka mmoja kwanza hadi mwisho, wa majaribio, kila rangi unaiandika kwenye daftari. Andika! Mwezi ujao hutakumbuka kaki ile uliichanganya na nini. Kisha wanapangwa kumi. Rangi moja kwa wote, ngozi kwanza kwa sababu iko ndani kabisa, halafu nguo, halafu mikanda, bunduki mwisho. Ukimfikia wa kumi, wa kwanza ameshakauka. Ukiona umewapanga thelathini, punguza. Utachoka nusu ya mikanda na hawatamalizika.

Kwenye ngozi hapo nisimame kidogo, nimeona mambo. Watu wanachukua kahawia moja ya kopo, wanampaka askari wa Kiafrika uso mzima kama mlango. Weka kahawia nzito yenye wekundu kwanza, halafu nyepesi kwenye shavu, paji na pua. Kuing'arisha tia kidogo rangi ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa, nyeupe usitie. Ukitia nyeupe anapauka kama hajajipaka mafuta tangu Ijumaa.

Na mnaowapanga KAR, yaani King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa Waingereza, ufukweni Tanga, wafungasheni. Jenerali Aitken, mkuu wa Waingereza pale Tanga, aliwakataa, hawakushuka pale. Wapakeni kwa vita vya baadaye, na msisahau wengi walikuwa peku, kwa hiyo nyayo nazo ni ngozi.

Naambiwa dakika mbili. Basi brashi kavu na vanishi mtaniuliza nje. Wa milimita 15 hawahitaji chupa, wabandikeni watanowatano kwenye kijiti cha aiskrimu, lakini waachieni nafasi ya brashi kupita. Niliwahi kuwabana bega kwa bega, hadi leo wana mbavu nyeusi.

Asanteni. Vichupa vyangu virudi hapa mezani. Vilikuwa kumi, nimevihesabu.