Uwanja wa kupuria ndani ya neno "area"

Mabibi na mabwana,

Yeyote aliyewahi kupura mtama anajua kwamba kazi ile haifanyiki popote tu. Huhitaji ardhi iliyosawazishwa, ikashindiliwa na kufagiliwa, ili punje zisichanganyike na mchanga. Warumi wa kale walipaita mahali hapo "area". Leo wanahisabati hulitumia neno hilo kwa eneo la pembetatu, lakini mimi naomba tuanzie shambani, kwa kuwa huko ndiko lilikoishi midomoni mwa watu.

Varro, aliyeandika juu ya kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo, alishauri uwanja huo uwe mahali pa juu panapopitiwa na upepo, uwe wa mviringo, na katikati uinuke kidogo ili mvua ikinyesha maji yasituame. Cato, aliyemtangulia, aliagiza udongo wake unyweshwe maji machungu yanayobaki zeituni zikikamuliwa, usawazishwe na kupondwapondwa, kisha unyweshwe tena na kuachwa ukauke, ili sisimizi wasiharibu nafaka wala majani yasiote. Hii ni elimu ya watu walioijua thamani ya punje moja.

Dola ya Roma ilipoanguka, wakulima waliendelea kupura, na neno likaendelea kubadilika vinywani mwao. Wareno wakasema "eira", Wahispania "era", Waitalia "aia", Waromania "arie", Wafaransa "aire". Mabadiliko haya hayakuwa ya kubahatisha. Chukueni jina la mwezi wa Januari, ambalo kwa Kilatini lilikuwa "Januarius": Wareno husema "janeiro", Wahispania "enero", Waitalia "gennaio". Sauti zilezile zilizougeuza mwezi ndizo zilizougeuza uwanja, na huko Italia, katika maneno yote mawili, "r" ikatoweka kabisa. Kwangu mimi, ulinganifu huu ni ushahidi mzito kuliko kufanana kwa maana, kwa sababu maana huhama ovyo, ilhali sauti hufuata njia.

Baadaye wasomi walilichota neno hilohilo upya kutoka vitabuni, bila kuligusa. Ndiyo maana Mreno ana "eira" ya kupuria na "área" ya kupimia, na Mwitalia ana "aia" pamoja na "area": mzazi mmoja, mtoto mmoja wa shambani na mwingine wa darasani.

Yule wa shambani amebeba mengi zaidi. Katika kijiji cha Soajo, kaskazini mwa Ureno, maghala 24 ya mawe ya kuhifadhia mahindi yamesimama juu ya mwamba uliokuwa uwanja wa kupuria wa kijiji kizima. Na Mreno akitaka kusema kwamba mtu ni fukara wa kutupwa, husema hana "eira" wala "beira", yaani hana uwanja wa kupuria wala ukingo.

Hata Kiswahili kimeguswa. Mwaka 1795 Wafaransa, wakiunda vipimo vya mita, waliliazima neno la Kilatini wakaunda "are", kipimo cha mraba wenye mita 10 kila upande. Mia moja za kipimo hicho wakaziita "hectare", nasi, tulioipokea kupitia Kiingereza, tunasema hekta. Sehemu ya kwanza ni mia ya Kigiriki; ule uwanja wa Varro umebakiwa na irabu ya mwisho tu.