Mgonjwa wa Moyo Afanyie Wapi Mazoezi?

Ndugu zangu, nimeshasema mara nyingi kwamba mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, hali ikishatulia kwa dawa, anatakiwa afanye mazoezi. Hilo leo sirudii. Leo nauliza: afanyie wapi?

Mama mmoja wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliandikiwa mazoezi mbele ya mtaalamu, hapa mjini, mara tatu kwa wiki. Mara tatu! Kutoka kijijini hadi bandari ya Nansio ni bodaboda, kisha meli, kisha daladala, kisha kupanda kilima. Vikao vyote 36 alivyopangiwa ni kuvuka ziwa mara 72, kwenda na kurudi. Alikuja mara mbili. Kwenye faili wakaandika "hafuati ushauri". Nyumbani nako wakamnyang'anya jembe na ndoo, akakaa mkekani miezi mitano. Nilipomwona, mapaja yalikuwa yamesinyaa. Kutoka chumbani hadi jikoni alihema, akadhani ni moyo tu, kumbe na misuli ilikuwa imelegea.

Tukaanza upya. Siku tatu alitembea mbele yangu, nikampima: presha, mapigo ya moyo, na umbali anaoweza kutembea kwa dakika sita. Kisha akarudi kwao. Dakika tano, kutoka mwembe hadi kwenye chanja za dagaa, kabla jua halijawa kali, na binti yake pembeni. Wanatembea wakipiga soga. Pumzi ikikata maneno, wanapunguza mwendo. Kila wiki anaongeza kidogo, na kila Jumamosi nampigia simu.

Najua daktari mmoja hapa anawaza: akianguka huko, je? Anayo haki ya kuuliza. Utafiti wa HF-ACTION, uliotoka mwaka 2009, ulikuwa na wagonjwa 2,331 wa aina hii. Waliopangiwa mazoezi walianza chini ya uangalizi, wakaendelea nyumbani, na mazoezi yakaonekana salama. Kilichosumbua ni watu kulegea, wengi hawakufikisha dakika walizopangiwa. Basi mimi naogopa zaidi mgonjwa kuacha. Ndiyo maana nataka binti na simu. Nyumbani si kuachwa peke yako!

Muda umekwisha. Haraka: maumivu ya kifua, kizunguzungu, au uzito kupanda kilo mbili ndani ya siku tatu, usifanye mazoezi, nenda kituo cha afya. Mwenye valvu iliyobana, yaani mlango wa moyo usiofunguka vizuri, asianze kabla daktari wa moyo hajamruhusu.

Yule mama Jumamosi iliyopita hakupokea simu yangu. Alinipigia jioni. Alikuwa ameenda gulioni, kwa miguu.