Jinsi ya kufunga fotoseli kwenye taa za nje za hoteli, Malindi

Karibuni watazamaji. Tuko Malindi, hoteli ndogo karibu na ufuo, na leo taa za uani na za geti zitajiwasha zenyewe giza likiingia, kwa fotoseli, yaani swichi yenye jicho linalohisi mwanga. Mtauliza, taima, ile swichi ya kupanga saa, si ingetosha, maana huku jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima? Ngojeni masika. Wingu zito likitanda saa kumi jioni, taima haina habari, na mgeni anashuka ngazi akipapasa.

Zimeni meni swichi, kisha pimeni kwa testa. Kazi hii Kenya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kama huna, mwite aliye nayo.

Tuhesabu mzigo. Taa 20 za wati 50 ni wati 1000. Gawa kwa volti 240, unapata ampea 4 na kitu. Fotoseli yetu ni ya ampea 10, lakini taa zote hizi msizipitishe humo. LED zikianza kuwaka huvuta mkondo mkubwa ghafla, na baada ya muda ncha za ndani hugandana, taa zikabaki zinawaka mchana kutwa. Wekeni kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku ya umeme, ibebe taa, fotoseli iwashe kontakta tu.

Waya ni tatu. Hapa nyeusi ni laivu, nyeupe nyutro, nyekundu inakwenda kwenye koili ya kontakta, yaani ile sumaku yake. Yako huenda ina rangi nyingine, kwa hiyo fuata mchoro wake.

Sasa jicho, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Lisione kabisa taa linayoiwasha. Likiiona, linadhani kumekucha, linazima. Giza likirudi linawasha tena, na mchezo huo ni wa usiku kucha. Magharibi pia hapafai, jua la jioni litalichelewesha. Tunalifunga ukuta wa kaskazini, juu ya taa. Tundu la waya zibeni kwa silikoni.

Rudisheni umeme, mfunike jicho kwa tepu nyeusi. Msishtuke likikawia: nyingi husubiri sekunde kadhaa makusudi, zisidanganywe na taa za gari au radi. Mmesikia kontakta ikigonga? Taa hizo. Banduani tepu, zitazima.



Kila baada ya miezi michache, pangusa jicho kwa kitambaa na maji yasiyo ya chumvi. Upepo wa bahari ukilipaka ukungu, taa zitawaka kabla ya alasiri kwisha, na bili ni yako.