Tezi ya Pituitari: Seli Zinavyogawana Kazi

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Salim, mwalimu wa biolojia, niko na Dada Rehema, mkunga. Leo tunazungumzia tezi ya pituitari. Dada, hebu tuoneshe ilipo.

REHEMA: Chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Ina ukubwa wa punje ya njegere, uzito nusu gramu hivi. Sisi chuoni tuliisoma kama kipande cha ubongo tu.

SALIM: Sehemu ya nyuma, sawa, hiyo imeshuka kutoka kwenye ubongo. Ya mbele, inayotengeneza homoni nyingi, asili yake ni kinywani.

REHEMA: Kinywani? Mwalimu, acha utani.

SALIM: Sina utani. Kiinitete kikifika wiki ya nne hivi, utando wa paa la kinywa unabonyea kwenda juu na kuwa kifuko. Mjerumani Martin Rathke alikieleza mwaka 1838, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Kifuko kinapanda, kinagusana na ubongo, halafu kinaachana na kinywa. Palepale panapogusana, ubongo unatuma ishara za kemikali, na seli za kifuko zinaanza kuongezeka na kugawana kazi.

REHEMA: Kazi zenyewe ni tano. Kuna seli za homoni ya ukuaji, za prolaktini inayoleta maziwa, zinazoiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni, zinazoziamuru tezi za juu ya figo, na zinazoamuru ovari na korodani. Sasa mimi huwa najiuliza: zote zina jeni zilezile, seli moja inajuaje kwamba yake ni maziwa?

SALIM: Inategemea protini gani zinawasha jeni ndani yake. Penye TPIT, seli inaelekea kwenye kuamuru tezi za juu ya figo. Penye SF1, ovari na korodani. PIT1 ndiyo yenye mzigo mkubwa, maana inabeba tatu kwa mpigo: ukuaji, maziwa na thairoidi.

REHEMA: Kwa hiyo PIT1 ikiharibika, zote tatu zinakwenda?

SALIM: Zote. Mwaka 1929 Mmarekani George Snell alieleza ukoo wa panya vibeti. Wanazaliwa wa kawaida, ukuaji unakuja kukwama baadaye. Ilipofika 1990 ndipo kosa likaonekana kwenye jeni ya Pit1. Ukichungulia tezi zao kwa hadubini, seli za aina hizo tatu huzioni, ila zile za kuamuru tezi za juu ya figo zipo.

REHEMA: Na kwa binadamu?

SALIM: Wapo watoto wa hivyo. Ipo pia PROP1, protini nyingine inayofanya kazi kabla ya PIT1. Hiyo ikiwa na kasoro, mtoto anabaki mfupi, na baadaye hata balehe inaweza isije.

REHEMA: Na mama yake ataambiwa mtoto hali chakula vizuri! Kumbe kuna sindano za homoni ya ukuaji na vidonge vya thairoidi, mradi mtu akumbuke kupima.

SALIM: Ila usidhani seli ikishapata kazi mambo yameisha. Zipo zinazotoa homoni ya ukuaji na prolaktini kwa pamoja. Na zile za SF1, seli hiyohiyo moja inaweza kutoa LH na FSH, homoni mbili zinazoamuru ovari na korodani. Ubongo ukituma ishara kwa kasi, LH inazidi. Ukizitawanya, FSH inazidi.

REHEMA: Upande wangu, mabadiliko makubwa ni ya mimba. Estrojeni, homoni ya kike, inapanda, seli za prolaktini zinaongezeka na kunenepa, tezi nzima inakua. Tatizo ni kwamba damu yake nyingi inapita kwenye vena zenye shinikizo dogo. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, presha ikaporomoka, tezi iliyovimba inakosa damu na seli zinakufa.

SALIM: Ndiyo ile hali aliyoieleza Harold Sheehan, yule daktari Mwingereza, mwaka 1937.

REHEMA: Hiyohiyo. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka. Anaambiwa anyonyeshe zaidi, anywe uji. Hedhi hairudi, nywele za kwapani zinapukutika, anasikia baridi mchana kweupe. Anaweza kukaa hivyo miaka, kwa sababu wodini akishanusurika na ile damu tunamhesabu amepona. Mimi nasema kila mama aliyetokwa damu nyingi aulizwe maswali mawili akirudi kliniki: maziwa yametoka? Hedhi imerudi?

SALIM: Seli zilizokufa hazioti tena? Maana tezi ina seli shina zake, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, na mwaka 2011 Wajapani waliotesha tishu ya pituitari maabara kutoka kwenye seli shina za panya, wakampandikizia panya asiye na tezi, ikatoa homoni.

REHEMA: Kwa mama wa Sheehan hatuna hilo bado. Anapewa homoni zinazokosekana, na hapo mpangilio ni muhimu. Ukikimbilia vidonge vya thairoidi wakati kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, haitoshi, mwili unaichoma haraka ile kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuzimia mikononi mwako. Inaanza kotisoli, thairoidi inafuata.