Bunju Akishafika Mita Moja

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Najua baadhi yenu mmeshamwona bunju dukani, yule samaki wa kufugwa tangini anayejivimbisha akiogopa, na roho haijatulia tangu siku hiyo. Basi niseme mapema: huyo mliyemwona siye mtakayeishi naye.

Namzungumzia bunju ambaye wataalamu humwita Arothron stellatus, mkazi wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Akiwa mchanga ana rangi ya machungwa na michirizi myeusi, na anaenea kiganjani. Akikomaa anakuwa wa kijivu chenye madoa meusi, na urefu wake unaweza kufika sentimita 120. Muuzaji hana haraka ya kukueleza hilo.

Tupige hesabu. Samaki wa mita moja lazima aweze kugeuka bila kusugua mkia kwenye kioo. Watu hupima urefu wa tangi, wakasahau upana, na upana ndio unaomtesa. Tuseme tangi la urefu wa mita 3, upana mita 1.5, kina mita 1. Hizo ni lita 4,500, na maji ya bahari ya kiasi hicho yana uzito wa tani 4.6, kabla hujaweka mawe wala kuhesabu kioo. Kama unaishi ghorofani, mtu wa kwanza kuongea naye ni mhandisi. Kisha kila ukibadilisha asilimia 20 ya maji, unatayarisha lita 900, kila lita kwa gramu 35 za chumvi. Kilo 31 na ushee za chumvi, kwa badilisho moja tu!

Na maji utayabadilisha, maana bunju hula nyama na hana adabu mezani. Anatafuna, anatema, mabaki yanasambaa. Uchafu wake unakuwa amonia, bakteria wanaigeuza nitraiti, kisha naitreti. Chujio lililomtosha akiwa wa kiganjani halimtoshi tena. Utahitaji tangi la pili chini kwa ajili ya kuchuja, na mashine ya kuengua povu lenye uchafu, iliyokusudiwa tangi kubwa kuliko lako. Nyaya za hita zifiche, kwani huzing'ata.

Sasa meno, na hapa naomba tukae kidogo. Bunju ana meno manne yaliyoungana yakawa mdomo mgumu kama wa kasuku, na hayaachi kukua maisha yake yote. Baharini anayasaga kwa kaa, kome, konokono na matumbawe. Mpe kome mzima mwenye gamba lake, usikie: "kra!", sauti inapita kioo na kufika hadi ulipokaa. Huo ndio mlo wake. Ukimzoesha minofu laini kwa sababu ni rahisi kukata, meno yatarefuka mpaka kinywa kishindwe kufunguka vizuri, afe njaa huku chakula kikielea mbele yake.

Meno yakishazidi, hukatwa. Samaki hulazwa usingizi katika maji yenye kipimo maalumu cha mafuta ya karafuu. Unamwona anapoteza mizani, anaegemea ubavu, mashavu yakifunguka polepole. Hushikwa kwa mikono iliyolowa, meno yakapunguzwa kwa kifaa kidogo cha kusagia, kisha akarudishwa kwenye maji safi mpaka azinduke. Yasemwa upesi, lakini kipimo kikizidi haamki. Mwachieni daktari wa mifugo anayejua samaki. Tena msimlishe aina moja tu: baadhi ya kome na kamba wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Kuhusu kuvimba, sina uvumilivu na wanaomchokoza ili wapige picha. Anavimba kwa hofu, kwa kumeza maji. Akitolewa majini humeza hewa, na hewa hiyo huenda asiweze kuitoa, akabaki anaelea tumbo juu. Kwa hiyo msimwinue kwa wavu. Mwingizeni kwenye chombo akiwa bado ndani ya maji.

Sumu yake, tetrodotoksini, imo hasa kwenye ini, mayai na ngozi, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Akifa, asiliwe na mtu wala paka. Akiwa hai, hatari iliyo karibu nawe ni mdomo. Atakuzoea, atakuja juu kukutemea maji akidai chakula, nawe utasahau kwamba kinachovunja kome kinavunja na kidole. Tumieni koleo.

Kuna aliyeuliza: akinishinda, si nimrudishe tu baharini? Hapana. Mwaka 1985 alionekana nje ya Florida samaki wa jenasi ya Pterois, yule mwenye miba ya sumu, ambaye asili yake si huko. Wengi wanaamini walitoka kwenye matangi ya watu. Leo wametapakaa Karibi yote, wakila samaki wadogo wa miambani. Bunju aliyekaa tangini anaweza pia kubeba magonjwa hadi kwa wenzake, hata kama bahari hiyo ndiyo kwao.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, zungumza na akwaria ya umma (mahali watu huenda kutazama samaki) iliyo karibu nawe, uulize kama itampokea akishakua. Uwe tayari kuambiwa hapana: matangi yao nayo yana wenyewe.