Kabla Hujaniambia Shule Ile Haifai

Mwenyekiti kanipa dakika kumi. Wanaonifahamu wameshacheka.

Ndugu zangu, Baraza la Mitihani liliacha kututangazia shule kumi bora. Sisi tukaendelea. Matokeo ya darasa la saba yakitoka asubuhi, jioni kwenye grupu la mtaa kuna mtu keshapanga shule za kata nzima, ya kwanza hadi ya mkia, na walimu wa hiyo ya mkia keshawafukuza kazi.

Mimi nauliza kila siku: waliokaa kwenye yale madawati ni akina nani?

Mwaka 2012 sensa iliwakuta watu 410,956 hapa Dodoma Mjini. Mwaka 2022 tukawa 765,179. Katikati hapo kuna 2016: Januari elimu bila malipo inaanza, Julai Serikali inatangaza kuhamia Dodoma. Yote mawili yaliangukia shule zilezile, mwaka uleule.

Sasa nenda shule yoyote ya pembezoni, muulize mwalimu wa darasa la saba: hawa watoto, wangapi walianza la kwanza hapa? Mmoja nilipomuuliza alicheka kwanza. Akafungua rejesta, akaanza kunionyesha. Huyu baba yake ni fundi, kazi ya Mtumba iliisha, wakahamia Msalato, mtoto akaondoka na uhamisho mkononi. Huyu kaja Machi kutoka Kondoa. Huyu mwenye nyumba aliuza, familia ikapanga Nzuguni. Na huyu alikuwa wa kwanza darasani; mama yake alipopata ajira akampeleka inglishi midiamu, sasa anapita hapa getini ndani ya basi la njano. Basi matokeo yakitoka tunasema Kayumba, shule yetu ya serikali, imeshuka! Imeshuka au imehamwa?

Naona mzee pale anatikisa kichwa: "Mwalimu anatetea wenzake." Walimu wazembe wapo, mzee wangu, nimefanya nao kazi na wengine nimewaandikia barua. Lakini wastani wa shule haukuonyeshi mzembe ni yupi. Mwalimu anaweza kupokea watoto wa D akawatoa na C, ukamtukana. Jirani yake akapokea wa A akawatoa na B, ukampa kuku.

Dawa tunayo. Mtoto ana mtihani wa darasa la nne na wa la saba, na ana namba ya prem, yaani namba yake ya usajili, inayomfuata akihama. Mfuate huyo mtoto mmoja kutoka la nne hadi la saba, uone alipanda au alishuka akiwa mikononi mwa nani. Takwimu zipo, ni kuzisoma tu. Badala yake tunaletewa kikao cha kuhimiza uwajibikaji, na soda.

Nilitaka kusema habari ya uji wa shuleni, na watoto wanaoongea Kigogo nyumbani wanaokutana na Kiswahili cha vitabu siku ya kwanza ya shule. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, uji mtauchangia wenyewe. Fomu ziko kwa mtendaji wa mtaa. Maswali?